Pua Mpya ya Subaru: Sauti Nimepata, Nguvu Ilitoka Kwingine

Nianze na hukumu kwa wasio na subira. Ukiwa na Subaru Forester ya tabo (turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa) hapa Mombasa na unataka kutoa boksi la filta lililokuja nalo kutoka Japani ili uweke bomba la alumini na filta ya koni, utapata sauti, utapata wepesi kidogo ukikanyaga mafuta, na ukiangukia kwa fundi asiyepima, utapata hasara. Zile nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi ya seti usizihesabu. Na kama gari lako siku hizi limekuwa zito, lipimwe kwanza kama linavuja hewa. Gereji niliyokwenda naipa alama zote. Kitu chenyewe nilichonunua nakipa nusu.

Gari ni Forester SH5 ya mwaka 2009, ile XT ya injini ya EJ205, lita 2.0, gia nne za otomatiki. Ilipotoka kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 230. Farasi wangapi bado wazima ndani ya yangu, Mungu ndiye ajuaye. Kazi yangu ni kupikia harusi na matanga, kwa hiyo gari hili linabeba sufuria za biriani kutoka Tudor kwenda Mtwapa, Diani, mara nyingine mpaka Kilifi, na kila nikipata nafasi linapanda Wundanyi kwa wakwe zangu na kurudi na kabichi na viazi. Si gari la mashindano. Lakini mtu akishaizoea tabo hawezi tena kuvumilia gari linalojivuta, na langu lilikuwa limeanza kujivuta. Umepita Mazeras, unapanda, unataka kulipita lori la kontena kabla ya mizani ya Mariakani, unakanyaga, gari linafikiria kwanza. Mwanangu wa pili, ambaye dawa ya kila ugonjwa kwake iko YouTube, akatoa hukumu yake: "Mama, gari linabanwa pumzi. Tulifungulie pua."

Seti tuliinunua kwenye duka moja la spea mjini kwa shilingi 18,500: bomba la alumini linalong'aa, filta ya koni ya pamba nyekundu iliyopakwa mafuta, mipira miwili ya silikoni, klipu, na karatasi ya maelezo yenye picha za gari lisilo langu. Muuzaji alituahidi farasi 30 zaidi "bila kugusa kitu kingine chochote, mama." Nimekaa sokoni Kongowea miaka mingi nikinunua nyanya. Sauti ile naijua.

Hapo hapo niseme jambo moja, maana barazani nalisikia likisemwa kinyume kila siku. Lile tundu la juu ya boneti si pua ya injini. Hewa inayoingia pale inapita kwenye intakula, ile rejeta bapa iliyolala juu ya injini, inaipooza, kisha inatokomea chini ya gari. Hewa ambayo injini inaivuta yenyewe inaanzia mbele, karibu na taa. Inaingia kwenye boksi la filta, inapita kwenye sensa inayoipima, inateremka chini ya menifoldi, yale mabomba ya kugawia silinda hewa, hadi kwenye tabo. Tabo inaikandamiza, na kukandamizwa huko kunaipasha moto. Intakula inaipunguza joto, ndipo inaingia kwenye silinda. Seti niliyonunua inabadilisha kipande cha mwanzo tu cha safari hiyo. Kwa hiyo kijana akikwambia kakuongezea tundu la boneti ili injini ivute vizuri, mwambie akuonyeshe hewa hiyo inaingilia wapi.

Gereji iko Shimanzi, nyuma ya magodauni, na haina kibao. Fundi ni mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Kabla hajafungua boksi la filta aliosha mikono kwa sabuni. Ni jambo dogo, lakini mimi ni mpishi, nikaliona. Akaitoa shingo ya boksi la zamani, pale sensa inapokaa, akaingiza taya za kipimio chake cha vernia ndani ya tundu, akazikaza kwa ule upana. Halafu bila kuzilegeza akaziingiza kwenye bomba jipya la alumini. Zikapwaya. Akanipa nishike mwenyewe, nikakitikisa kile kipimio ndani ya bomba, kikawa kinacheza huku na huku.

"Nani kakuuzia hii, mama?"

Nikamwambia ni duka la mjini.

"Warudishie."

Sababu yake naieleza kama nilivyoielewa, kwa sababu hapa ndipo magari ya watu yanapokufa. Sensa ya eaflo ni waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupooza, na kompyuta inapima umeme unaohitajika ili waya ubaki na joto lake. Kutokana na kipimo hicho inajua hewa kiasi gani imeingia, na inamwaga petroli ya kutosheleza hewa hiyo. Lakini sensa haioni bomba zima. Inaona kasi ya hewa inayoigusa tu. Ukipanua bomba, hewa ileile inapita polepole, sensa inadanganyika kwamba hewa ni kidogo, na kompyuta inapunguza petroli. Chukua mfano wa tundu la milimita 65 likifanywa 70. Kwa macho huoni tofauti, lakini nafasi ya ndani imeongezeka kwa karibu asilimia 16. Injini ya tabo ikikosa petroli wakati imebanwa na mzigo, moto wa ndani unazidi, inaanza kugonga, na pistoni hazichukui muda mrefu kupasuka. Anayetaka bomba pana sharti arekebishiwe hesabu za kompyuta na mtu anayejua kazi hiyo. Asiyetaka gharama hiyo anunue bomba ambalo shingo ya sensa ina upana uleule wa asili.

Dukani palikuwa na mjadala. "Wote wanafunga hii, hakuna aliyerudi." Nikamjibu labda waliorudi wamerudi na breakdown. Mwisho akatoa bomba jingine lenye shingo sahihi, akataka nyongeza ya shilingi 4,500, nikalipa. Ushauri kwa anayekwenda kununua: chukua kipimio, au chukua fundi mwenye kipimio.

Sasa ndipo fundi alipouliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza tangu mwanzo: gari linasumbua nini hasa? Nikamweleza habari za Mariakani. Akachomeka mashine yake ya kupimia, tukaangalia namba. Marekebisho ya muda mrefu ya petroli yalikuwa asilimia 14 juu. Yaani kompyuta ilikuwa imeshajizoesha kuongeza petroli kwa kiwango hicho kuliko hesabu yake ya kawaida, na sababu iliyo karibu kabisa ni kwamba kuna hewa inaingia mahali pengine bila kupita kwenye sensa. Hewa ya magendo, alivyoiita.

Akaziba mdomo wa bomba, akaunganisha mashine ya moshi, akapandisha presha kidogo sana. Tukasubiri. Kijana wake akamulika tochi chini ya menifoldi, upande wa tabo, na moshi ukaanza kuchomoza pale, uzi mwembamba mweupe, ukipanda kando ya chuma. Kuna bomba la plastiki linalopita chini ya menifoldi kupeleka hewa kwenye tabo. Limekaa kwenye joto tangu 2009, limekauka, na kwenye kona limepasuka. Wenye Subaru za EJ wanalijua bomba hilo. Limefichwa mahali ambapo ni lazima utoe intakula na kuinyanyua menifoldi ndipo ulifikie, kwa hiyo mafundi wengi hawalitazami kabisa, na mteja anauziwa plagi, anauziwa koili, anauziwa sensa, gari liko vilevile.

Bomba jipya la silikoni lilikuwa shilingi 16,000, kazi 7,000. Nililalamika, si kwa sababu bei ilikuwa mbaya bali kwa sababu mimi hulalamika. Wakafanya kazi kutoka asubuhi mpaka magharibi inakaribia. Kabla ya kulifunga, fundi alilihesabu matundu: lazima liwe na pa kuingizia hewa inayorudi kutoka kwenye vali ya kupumulia, ile inayoachia presha ya tabo unapoachia mafuta, na pa mvuke wa oili unaotoka kwenye injini. Mabomba ya bei rahisi yanakuja bila tundu moja, na vijana wanaziba kwa gundi.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo hasa linanifanya niandike habari zake. Akarudishia boksi langu la zamani, akaweka filta mpya ya karatasi, akasema: "Mama, nenda nalo hivi kwanza. Endesha. Ukirudi ndiyo tutafunga hilo pambo." Angeweza kuvifunga vyote pamoja, gari likapaa, na mimi nikaenda nikilisifu bomba la alumini kwa watu wote wa Tudor.

Gari lilikuwa limerudi ujana. Nilikwenda nalo Wundanyi. Kwa asiyejua njia ile, ukishapita Mwatate barabara inaanza kujikunja kupanda milima ya Taita, kona juu ya kona, na gari bovu linaumbuka mbele ya watoto wa shule. Awali gia ilikuwa inarudi ya pili na injini inalia tu bila kwenda. Safari hii nilikuwa na magunia, mume wangu na mama mkwe ndani, na tabo ilikuwa inaitika mapema, kabla injini haijapaza sauti. Mume wangu, ambaye kwa kawaida akiwa kwenye gari hulala, aliniambia nipunguze mwendo. Namba za petroli nilizipima niliporudi, zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 3. Yote hayo bila ile seti inayong'aa, ambayo ilikuwa bado iko kwenye kiboksi chake chini ya meza ya fundi.

Basi ikafungwa seti. Kazi yenyewe haikuchukua muda: kutoa boksi, kuhamisha sensa kwa uangalifu bila kugusa waya wake, kukaza klipu, kutoa terminali ya betri ili kompyuta isahau hesabu za zamani, shilingi 4,000. Tofauti? Ukikanyaga kidogo kidogo mjini, pale Buxton kwenye taa, gari linaitika upesi zaidi kuliko awali. Linahisika, sitalikana. Lakini kwenye barabara kuu ya Nairobi nikiwa nimekanyaga hadi chini, sioni jipya. Na fundi alikuwa amenieleza mapema kwa nini. Presha ya tabo inaamuliwa na kompyuta. Ikishafika kiwango kilichowekwa, vali iliyo kwenye tabo yenyewe inafunguliwa na presha inazuiwa. Filta nyepesi inaifanya tabo ifike pale kwa taabu ndogo zaidi, basi, haiongezi kiwango. Na filta ya karatasi ikiwa mpya haizuii hewa kiasi hicho cha kutisha. Farasi 30 wa muuzaji labda wako kwenye godauni wanasubiri kontena.

Kuhusu joto, wenzangu wa pwani tuelewane. Boksi la asili limefungwa pande zote na linavuta hewa kutoka nje. Filta ya koni iko uchi ndani ya boneti, inavuta hewa ya pale ilipo, na pale ilipo ni karibu na tabo. Sensa ya eaflo ya Subaru inasoma pia joto la hewa inayoingia, kwa hiyo ukiwa na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani unaiona namba kwenye simu. Foleni ya Daraja la Nyali, saa nane mchana, jua la mwezi wa pili, nilisoma nyuzi 61. Na boksi la zamani, gari likitembea, ilikuwa 36. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 3 hivi inapungua uzito kwa karibu asilimia 1, kwa hiyo hesabu mwenyewe: nimelipa pesa ili nipoteze hadi asilimia 8 ya hewa kila nikisimama kwenye foleni. Nairobi labda hawataiona sana. Hapa kwetu mtu anaiona mpaka kwenye goti.

Fundi alinikunjia bati la alumini la kukinga joto, akalivalisha mpira pembezoni ili boneti ikifungwa libane kabisa, akaliachia uwazi upande wa mbele tu. Shilingi 3,500. Kwenye foleni namba ikashuka hadi 49, na gari likishatembea kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inakuwa 37. Ndiyo kusema nimetumia pesa kujenga upya boksi ambalo nilikuwa nalo bure. Hilo nimelitafakari sana nikikaanga vitunguu.

Mwanangu alipendekeza mtindo mwingine aliouona, wa kuishusha filta chini nyuma ya bampa, ambako hewa ni baridi. Fundi alikataa katakata na nilimuunga mkono. Mvua za masika zikishuka mwezi wa nne na wa tano, barabara za ndani za Kisauni na Bamburi zinageuka mito, na filta iliyo chini inakunywa maji kama hewa. Maji hayakandamiziki. Pistoni inayapiga, konrodi, chuma kinachoishika pistoni, inapinda, na bei ya injini nyingine ya EJ20 ya mtumba hatutaitaja hapa. Mwanangu alipendekeza pia tuifungulie vali ya kupumulia itoe hewa nje ili ipige ule mlio mkubwa wa "pshaa". Hapo napo akakataliwa: hewa ile sensa imeshaihesabu, petroli yake imeshamwagwa, ukiitupa nje gari linafuka moshi mweusi kila unapoachia mafuta. Maskini kijana, alitoka bila kitu siku ile.

Ila sauti aliipata. Boksi la asili limejengwa ili kuficha mambo, na likiondoka yote yanasikika: mluzi wa tabo ikipanda, na ukiachia mafuta, vali inavuta pumzi ndefu ya kukoroma. Mimi mwanzoni niliona aibu. Nimefika kwenye harusi Nyali na sufuria za pilau, wageni wanageuka kutazama nani huyu, anashuka mama wa buibui na mwiko. Jirani yangu mzee ameniuliza kwa upole kama gari lina pumu. Sasa nimezoea, na kusema ukweli, nikiwa peke yangu kwenye daraja la Mtwapa alfajiri na barabara ni nyeupe, ninaachia mafuta pasipo sababu.

Kwa matunzo: hewa yetu ina chumvi. Klipu zilizokuja na seti zilianza kutu upesi, nikaambiwa niweke za stenlesi na nikaweka. Alumini nayo inatoa unga mweupe kwenye viungo usipoifuta. Filta ya pamba inaoshwa na kupakwa mafuta tena, na hapo mkono uwe mwepesi: mafuta yakizidi yanavutwa hadi kwenye ule waya wa sensa, yanaushika, na namba zinaharibika. Anayepita Shimanzi na Kibarani kila siku kwenye vumbi la malori aioshe mapema kuliko karatasi inavyosema. Au anunue ile ya kitambaa kikavu isiyohitaji mafuta. Ningekuwa nanunua leo ningechukua hiyo.

Jumla imepita shilingi 50,000, na ukitoa bomba la silikoni na kazi yake, zilizobaki ni za sauti. Usiwe na haya kukiri hivyo unapomwambia mumeo. Kwa mwenye gari la biashara asiyejali mluzi, nunua filta mpya ya karatasi, piga kipimo cha moshi, rudi nyumbani. Kwa kijana anayejiandaa kurekebisha kompyuta na ekzosi baadaye, seti hii ni mwanzo mzuri, mradi shingo ya sensa ipimwe.

Anayetaka kwenda kwa fundi wangu aulize Shimanzi gereji ya Subaru nyuma ya magodauni, ataonyeshwa. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, gari likiwa limepoa, la sivyo atakusubirisha mpaka injini ishikike. Kipimo cha moshi ni shilingi 1,500, na ukifanya matengenezo kwake anakitoa kwenye bili. Ijumaa mchana wanafunga kwenda msikitini. Malipo ni kwa M-Pesa, risiti anaandika kwa mkono ukimwomba, na kazi ya bomba la chini inakula siku nzima, kwa hiyo panga mtu wa kukurudisha nyumbani.